Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kweche

Ndugu wanachama wenzangu,

Hesabu za mweka hazina mmeshazipata, na kwa kuwa safari hii ada zimelipwa bila kusukumana, sina la kuongeza hapo. Nitazungumzia jambo moja tu: viwanja vya ngoma vya ndege aitwaye kweche wa Jackson kule Kinangop, hapa Kenya.

Wengi wenu mlijiandikisha kwenye ziara baada ya ile mada ya ndege wajenga vibanda wa Australia na New Guinea. Zile picha ziliwapagawisha, nami pia. Kuna mmoja wa mashariki ya Australia, dume mweusi anayeng'aa kibuluu, husimamisha kuta mbili za vijiti na kutandaza mbele yake kila cha buluu anachookota: manyoya, maua, hata vifuniko vya chupa. Kisha huzipaka kuta kwa majani aliyoyatafuna. Kibanda hicho si kiota. Wakishakutana, jike huenda zake akajenga kiota mtini na kulea peke yake. Madume jirani nao huja kubomoa na kuiba, basi mwenye kibanda hulinda mali yake kama mwenye duka wa mtaani.

Mzee mmoja akauliza, "Kwetu hakuna?" Yupo. Msimu wa mvua kweche dume huvaa weusi na mkia mrefu uliopinda, akachagua shungi moja la nyasi, akazikanyaga nyasi zilizolizunguka mpaka likabaki duara, na kutengeneza vijishimo ubavuni mwa lile shungi. Hapo huruka wima, akatua, akaruka tena, mkia ukijikunja kuelekea kisogoni. Madume wengi hucheza jirani jirani, kila mmoja na duara lake, na majike huja kukagua. Steffan Andersson, mtafiti wa Uswidi aliyewachunguza hapa Kenya, alivifananisha viwanja hivi na vile vibanda. Huku kwetu hakuna buluu wala rangi ya kupaka. Nyasi ndiyo nyumba, ndiyo pambo.

Ndiyo maana ziara ya pili bado inaniuma. Watu wetu, na mimi nikiwa mbele yao, tuliingia nyasini kutafuta picha ya karibu. Tulipogeuka kuondoka, duara mbili zilikuwa hazitambulikani na shungi moja limelala. Dume wake alikaa juu ya waya wa ua akitutazama. Hatukumwona akishuka tena siku ile. Picha zenyewe, niseme ukweli, hazikutoka vizuri.

Kuanzia msimu ujao tutasimama nje ya ua na darubini. Asiyeridhika na hilo asilipie nauli.

Lakini miguu yetu ni kitu kidogo mbele ya jembe. Karibu nyasi zote za Kinangop zimo katika mashamba ya watu, na mkulima mwenye karo ya watoto hawezi kulaumiwa akilima viazi pale kweche anapocheza. Kamati inapendekeza kila ziara ilipe kiingilio kwa mwenye shamba anayeliacha eneo lake likiwa malisho, nasi tupunguze chakula cha mkutano huu kufidia. Najua pendekezo hilo lina maadui, hasa meza ya nyuma. Tutalipigia kura kabla ya uchaguzi wa viongozi, na kura yangu ni ndiyo.

Mwenyekiti