Barua kwa wanangu mnaokuja msibani kukaa

Wanangu wa Tanga, nanyi mliohamia Dar,

Nawasalimu kwa mapenzi, lakini kuna neno limenikaa kooni tangu msiba wa mwezi uliopita. Kila kitu kilikodiwa: turubai, mpishi, hata wa kuosha masufuria. Ninyi mkakaa kwenye viti vya plastiki toka asubuhi hadi alasiri, macho kwenye simu. Mtoto akamwaga chai, na mwenzenu mmoja, aliyelelewa na marehemu, akainuka kumpiga. Kwa chai!

Nilimshika mkono. Ameuma meno, mabega yamepanda karibu na masikio. Nikampeleka uani, nikampa shoka na gogo la mwembe. Pigo la kwanza likateleza. La pili likanasa. Kuni zilipofika fungu zima, shati limelowa, anahema, mabega yameshuka. Akakaa juu ya gogo akalia sana. Kisha akasema, "Shangazi, nilidhani nina hasira. Kumbe namlilia mama."

Ukishtuka au ukighadhibika, mwili humwaga kemikali iitwayo adrenalini: moyo hukimbia, misuli hukaza, uwe tayari kupigana au kutoroka. Sasa wewe umekaa tu, mchana kutwa, nguvu hizo zitatokea wapi? Zinamwangukia mtoto. Na mvulana akishaambiwa tangu utotoni kwamba mwanamume halii, hata jina la kinachomuuma halijui.

Zamani vijana ndio waliochimba kaburi na kupasua kuni. Wanawake walipokezana michi kinuni, wakizungumza, wakinyamaza, wakilia. Harusini tulicheza ngoma ya vugo, pembe zikigongwa mpaka jasho litutoke; siku hizi mnasimama ukutani kurekodi. Nasi wazee tuna lawama yetu. Uwanja tuliouchezea tumeuuza, umejengwa fremu za maduka, na watoto hawana pa kukimbilia.

Mengine ni mafupi. Tembeeni: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hasira ikipanda, toeni pumzi polepole kuliko mlivyoivuta, moyo utapunguza mbio. Huzuni ikigoma kuachia wiki baada ya wiki, nendeni hospitali, wala msione haya.

Khitma ya arobaini ni Ijumaa ijayo. Mpishi nimemwambia asije. Magogo yako uani, hayajapasuliwa.

Shangazi yenu