Toleo la zamani la MAME lina kazi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu baadhi ya mafundi kompyuta wa Kariakoo, ambao humshauri kila mteja aweke toleo jipya kabisa la MAME, ile programu ya kuiga mashine za gemu za kumbi za burudani, iliyoanzishwa na Mwitalia Nicola Salmoria mwaka 1997.

Ushauri huo unafaa kwa kompyuta yenye nguvu. Kwa kompyuta za mitumba tulizonazo wengi wetu, mara nyingi ni hasara, kwa sababu watengenezaji wa programu hiyo hutanguliza usahihi wa kuiga mashine asilia kuliko kasi, na usahihi unapoongezeka, mzigo wa prosesa nao huongezeka. Ndiyo maana toleo la 0.78, la mwaka 2003, bado linatumika kwenye vifaa vidogo kama Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja.

Lipo, hata hivyo, sharti ambalo wengi hulipuuza: mafaili ya gemu, yaani nakala za data iliyosomwa kutoka kwenye chipu za mashine asilia, lazima yalingane na toleo la programu. Chipu ya mashine asilia ikisomwa upya kwa usahihi zaidi, faili huongezwa, hubadilishwa au hupewa jina jingine, hivyo seti iliyokusanywa kwa ajili ya toleo la leo huweza kukataliwa na lile la 0.78, na mteja, masikini, akaambiwa kompyuta yake ni mbovu. Mafaili hayo, nikumbushe pia, mengi bado yana hakimiliki.

Ninapendekeza fundi amwandikie mteja namba ya toleo kwenye risiti.

Wako,
Msomaji, Magomeni, Dar es Salaam