Barua ya malalamiko: kikomo cha chaji mlichokiondoa wenyewe na betri mnayoikataa

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mombasa.

Bwana/Bibi,

KUH: KUKATALIWA KWA WARANTI YA BETRI NA JINSI NILIVYOTENDEWA KWENYE KAUNTA YENU

Nimepokea barua pepe yenu inayosema kwamba dai langu limekataliwa kwa sababu betri ya kipakatalishi changu imeharibiwa na "kosa la mtumiaji", yaani kuiacha kwenye umeme ikiwa imejaa kwa muda mrefu. Nimeisoma kwa utulivu kadiri nilivyoweza. Masharti ya waranti mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayanukuu. Ninachoomba ni kubadilishiwa betri bila malipo, na kabla hamjanijibu tena muisome kadi ya kazi iliyoandikwa na fundi wenu mwenyewe, ambayo nakala yake nimeiambatisha hapa kama nilivyoiambatisha mara ya kwanza, na ambayo yaelekea hakuna mtu aliyejisumbua kuifungua.

Kadi hiyo ni ya siku nilipoleta mashine kubadilishiwa kibodi. Kuhusu betri sikuwa na lalamiko lolote. Ilikuwa ikisimama kwenye asilimia 80 kwa sababu niliipangia isimame hapo, kwa kutumia programu yenu ya kutunza betri, ambayo kijitabu kilichokuja na mashine kinamshauri kila anayefanya kazi akiwa kwenye umeme aiwashe. Mimi ni mhasibu na mashine yangu haibanduki mezani. Fundi wenu aliona chaji haifiki 100, akadhani ni hitilafu, akaingia kwenye baiosi, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, na kukiondoa kikomo bila kuniuliza, kisha akaandika kwa kalamu ya wino, chini ya mstari wa kibodi: "Betri haijai. Imerekebishwa."

Niliporudi ofisini niliona chaji imepanda hadi 100, na kile kitufe cha kikomo kwenye programu kimefifia, hakibonyezeki tena. Niliwapigia simu siku hiyo hiyo. Aliyeipokea aliniambia kwamba sasa betri ni nzima, na kama kitufe hakifanyi kazi nisubiri sasisho. Niliwaandikia pia, na picha za skrini mnazo. Sasisho halikuja, au kama lilikuja halikukirudisha kitufe.

Sidhani ni kazi yangu kuwaeleza wauzaji wa kompyuta jinsi betri inavyochakaa, lakini kwa kuwa barua yenu inazungumza kana kwamba ni siri niliyopaswa kuigundua peke yangu, acheni niseme. Seli ya ioni za lithiamu iliyojaa kabisa hukaa kwenye takriban volti 4.2, na kwenye asilimia 80 huwa chini ya hapo. Ikishikiliwa kule juu mchana kutwa, na hasa ikiwa kwenye joto, kemikali zilizomo ndani huvunjika kidogo kidogo na kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoivimbisha. Joto la Mombasa la Februari na Machi mnalijua, maana mnauza mashine hapa hapa. Kikomo cha asilimia 80 kiliwekwa na watengenezaji kwa ajili ya mtu kama mimi na mji kama huu. Ripoti ya betri ambayo Windows huitoa kwa amri ya powercfg inaonyesha kwamba uwezo wake umeshuka kutoka wati-saa 50 hadi 31, ilhali mizunguko ya chaji, yaani kutumika hadi kwisha na kujazwa tena, ni 71 tu. Kwa kawaida betri za aina hii hutarajiwa kuvuka mizunguko mia kadhaa kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Betri hii basi haikuchoshwa na matumizi. Imeuawa na kukaa imejaa, na aliyeamuru ikae imejaa ni fundi wenu.

Hayo yote niliyasema kwenye kaunta, au nilijaribu kuyasema. Kijana aliyekuwa zamu aliifungua mashine mbele ya foleni, akaiona betri imevimba hadi kuisukuma juu padi ya kuelekezea kishale, akacheka. Akamwita mwenzake aje aone. Kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Mama, hii si friji, haikai imechomekwa mchana na usiku." Watu wakacheka. Nikamwonyesha kadi ya kazi. Hakuishika. Alinisukumia fomu yenye maneno "kosa la mtumiaji" yaliyokwisha kujazwa, akasema mashine haitoki hapo bila saini yangu. Nilitia saini nikaandika kando yake "Sikubaliani". Leo barua pepe yenu inaitaja saini hiyo kama ushahidi kwamba nilikubali, na lile neno la kando halitajwi kabisa.

Barua hiyo hiyo inaniambia kwamba nikitaka rufaa niipeleke mashine kwenye karakana yenu ya Nairobi "kwa basi la vifurushi", kwa gharama yangu, betri ikiwa ndani. Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa nikidhani nimekosea. Betri iliyovimba hairuhusiwi kupanda ndege, na hata zile nzima zinazosafirishwa peke yake kama mizigo ya ndege zinatakiwa, tangu 2016, zisizidi asilimia 30 ya chaji. Ninyi mnaniagiza niifunge kwenye boksi na kuiweka chini ya viti vya abiria waliolala, safari ya usiku kucha. Kama likitokea la kutokea njiani, hilo nalo litaandikwa kosa la mtumiaji?

Naomba nirudi kwenye kaunta, maana nilipoandika hapo juu nilijizuia. Yule kijana hakuishia kucheka. Aliibonyeza betri kwa kidole gumba ili mwenzake aone inavyonesa, kisha akaingiza ncha ya bisibisi chini yake kuibandua, bisibisi ya chuma, kwenye pakiti iliyojaa gesi, na wateja wamesimama hatua mbili kutoka hapo. Ilitoka harufu tamu kama ya rangi ya kucha. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi aliinuka akaenda kusimama nje. Nilimwambia kijana aache, akanijibu kwamba yeye ndiye fundi. Nilipomwekea kadi ya kazi mbele ya macho, yenye muhuri wa tawi hili hili, alisema: "Hiyo ya zamani haitusaidii." Ndipo akalirudia lile la friji, mara hii ya pili akimtazama mwenzake. Mashine nilirudishiwa ikiwa na skrubu pungufu, mfuniko wake haufungi, na betri ile ile ndani. Hakuna aliyeniambia nisiichaji tena. Hilo nimelijua mwenyewe.

Kwa hiyo ombi langu la mwanzo halitoshi tena. Nataka nipewe betri mpya halisi, mfuniko na padi mpya, na kikomo cha chaji kirudishwe na kufanya kazi nikiwa naona, na ile betri mbovu ichukuliwe na mtu wenu anayejua kuibeba, kutoka ofisini kwangu. Maneno "kosa la mtumiaji" yafutwe kwenye rekodi zangu, na niombwe radhi kwa maandishi, kwa barua yenye jina la meneja, si ujumbe wa mtambo. Na kama hamwezi kuyafanya hayo ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, sitaki tena matengenezo yoyote. Nitataka bei yote kama ilivyo kwenye risiti, pamoja na gharama ya mashine ninayoikodi ili kazi za wateja wangu zisisimame.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kulindiwa usalama wake na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na langu halikaribii hapo. Kadi ya kazi, picha za skrini, ripoti ya betri na fomu yenye neno "Sikubaliani" nimezitoa nakala za kutosha: seti moja iko nanyi, ya pili imeandaliwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ya tatu kwa karani wa mahakama. Siku 14 zinaanza kuhesabiwa mtakapoigonga barua hii muhuri wa kupokelewa, na nitasubiri hapo kaunta hadi igongwe.

Wenu,
Mteja aliyetajwa kwenye kadi ya kazi iliyoambatishwa