Sijaweza, si siwezi

Rafiki yangu wa siku nyingi,

Habari za masiku? Sisi hatujambo, shemeji yako anakusalimu na anasema bado una deni lake. Hilo mtamalizana wenyewe.

Meseji zako zote tatu niliziona. Nilishindwa kujibu kwa aibu. Si nilikutangazia kwa mbwembwe kwamba pombe basi? Nilifika siku 19, ya 20 nikateleza. Tena si chupa moja, usinicheke.

Asubuhi yake kichwa kiliuma, hilo nimelizoea. Kilichoniumiza ni ile sauti: "Unaona? Huwezi." Nilikuwa nimekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, cha pili hadi leo sijui nilikivulia wapi. Nikawaza, mbona mwanangu akisoma kwa kukwamakwama simwambii hawezi? Namwambia hajaweza. Ile "ja" katikati imebeba kesho. Nikachukua daftari lake la zamani nikaandika: sijaweza. Na zile siku 19 sikuzifuta.

Tangu hapo kila jioni ninayokaa bila kunywa nachora mstari. Nikiteleza naandika nilikuwa wapi, saa ngapi, na nani. Ndipo nikagundua kwamba karibu kila mara ni nikitoka kazini na hasira, tumbo tupu. Sasa nakula kwanza. Jambo dogo hivyo, na miaka yote nilikuwa nasingizia marafiki, wewe ukiwemo! Na usingizi je? Unakumbuka nilivyokuwa naapa kwamba glasi mbili hunilaza? Kulaza zinalaza, ila pombe ikianza kuisha mwilini usingizi unakatika. Kumbe ndiyo maana saa tisa usiku nilikuwa macho, nalaumu godoro.

Kabla sijasahau, Mrefu. Kanipigia, eti ameona mfano wangu, naye anaacha kesho, mara moja. Mzuie. Mimi nilikuwa mnywaji wa jioni. Yeye anaamka nayo, na akiikosa mikono inatetemeka. Mtu aliyefika hapo akikata ghafla anaweza kupata degedege, hata kupoteza maisha. Amwone daktari kwanza, kuna dawa za kumvusha siku zile za mwanzo. Akisema ni uoga, mwambie nimesema mimi.

Nilikuwa wapi? Ndiyo, sijaweza. Juzi niliteleza tena. Zamani glasi moja ilikuwa ruhusa ya kumaliza chupa: si nimeshaharibu? Safari hii niliiacha nusu mezani nikaondoka. Sijui niuite ushindi au... basi, nimeuandika daftarini hivyo hivyo.

Sasa sherehe yako. Nitakuja, ila nina ombi. Usinijazie glasi, na tafadhali usisimame kuwatangazia watu kwamba nimeacha, nakujua ulivyo na kipaza sauti. Nikishika maji yenye barafu, waache wadhani wanachodhani.

Utaniweka meza moja na nani? Nikiaga mapema utanuna? Na ile kauli yako kwenye simu, kwamba nawe umeanza kuhesabu, ulikuwa unatania au? Umefika siku ngapi? Mbona ulibadilisha mazungumzo haraka vile?

Nijibu, hata mstari mmoja.

Wako,
yule yule wa kiatu kimoja