Barua kwa mpwa wangu: waliobishana Mlimani walibishania nini?

Mpwa wangu,

Juzi uliandika kwenye kundi la familia kwamba wanafunzi wa zamani walipata nafasi ya kubishana kwa kuwa serikali iliwalipia kila kitu, na kwamba ninyi wa leo, mnaobanana na bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, lisilofika mwisho wa mwezi, msilaumiwe mkinyamaza. Wajomba zako wengine walikukaripia. Mimi sikukaripii. Nusu ya maneno yako ni kweli, na hiyo nusu ndiyo nataka tuizungumze hapa, wenzako nao wasikie.

Walilipiwa, ndiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 Mtaa wa Lumumba, katika jengo la chama cha TANU, wanafunzi wake wa sheria hawakufika hata ishirini. Walipohamia Mlimani, kilipo chuo hadi leo, mwaka 1964 walikuta mabweni mapya, na chakula wakaandaliwa. Nchi maskini iliwabeba mgongoni. Lakini sasa sikiliza: ugomvi mkubwa wa miaka ile ulihusu mgongo huohuo.

Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu kupinga kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa lazima, mpango ambao ungewapeleka kambini na kisha kuwakata sehemu kubwa ya mshahara wakianza kazi. Walimsomea Nyerere tamko kwamba miili yao ingekwenda lakini roho zao zingebaki nje. Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi 393. Hapohapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Vitabuni wanafunzi hao wanaitwa wabinafsi na habari inaishia hapo. Mimi naona walikosea kudai wasiguswe, ila hoja yao kwamba wakubwa nao wananeemeka ilimgusa Rais hadi mfukoni. Wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Waliobaki na waliokuja baadaye hawakuliacha swali lile, la msomi anadaiwa nini na nchi iliyombeba. Mwaka 1967 ilizaliwa USARF, umoja wa wanafunzi wa mrengo wa kushoto, mwenyekiti wake akiwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Jumapili walijifundisha wenyewe siasa na uchumi, na Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, alikaa nao kama mwenzao. Hawakuwa wengi. Hili nakuomba ulishike, maana watu wanasimulia kana kwamba Mlima mzima uliwaka moto. Wengi walikuwa wanasaka shahada yao kama unavyosaka yako.

Chukua ile Rag Day ya Novemba 1968. Ilikuwa desturi iliyoletwa kutoka Uingereza: wanafunzi wanavaa matambara, wanapanda malori, wanazunguka mjini kuchangisha fedha za maskini. USARF wakauliza, mkulima aliyevaa tambara kwa sababu hana lingine atajisikiaje akimwona msomi anayesomeshwa kwa jasho lake amelivaa kwa mchezo? Siku ilipofika wakatoa upepo kwenye matairi ya malori. Malori hayakuondoka. Kila nikiisoma habari hiyo nasisimka.

Kisha mwaka 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche. Lilidurufiwa kwa stensili: mtu anagonga taipureta, akikosea anapaka dawa ya kusahihishia, anasubiri ikauke, anaendelea, kurasa zikishatoka zinapangwa moja moja kwa mkono na kubanwa pini. Kazi yote hiyo ni yao, kati ya kipindi na kipindi. Humo, mwaka 1970, Issa Shivji, aliyekuja kuwa profesa wa sheria, akiwa bado kijana, aliuliza ni nani hasa anafaidi mashirika yaliyotaifishwa. Alihoji ujamaa kutoka upande wa wanaoutaka. Novemba mwaka huohuo Cheche na USARF vikapigwa marufuku, kwa maelezo kwamba Tanzania haihitaji itikadi ya kuazima. Jarida jingine, MajiMaji, likafuata chini ya vijana wa TANU.

Kwa hiyo shibe haikuwazuia. Waliigeuza kuwa hoja. Ninyi mnasoma kwa mkopo, na mtaanza kukatwa mara tu mkiajiriwa. Je, mwenye deni anadaiwa nini na mkulima ambaye mtoto wake hakufika hata kidato cha nne? Na yule mkulima anadaiwa nini na ninyi? Sijaona mwanafunzi wa kizazi chako aliyeliandika swali hili kwa ukali unaostahili, na wewe kalamu unayo. Andika kurasa mbili, unitumie kabla ya mitihani. Nitakapoona umepotoka nitakupinga, na wewe usinionee haya kwa kuwa ni mjomba wako.