Kivinjari kipya kilishafika, kilichobaki nyuma ni mfumo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalotusumbua sisi wenye steshenari, nalo ni mifumo ya kutolea huduma mtandaoni ambayo hadi leo haifanyi kazi ila kwa kivinjari (yaani programu ya kufungulia tovuti) cha Internet Explorer. Ipo taasisi moja, sitaitaja kwa kuwa haiko peke yake, ambayo ukipiga simu kuulizia tatizo hili unajibiwa kwa upole kwamba usubiri toleo jipya. Jibu hilo tumelizoea kiasi kwamba hata wateja wenyewe wanalitoa kabla sijafungua mdomo.

Ningependa kuuliza, toleo jipya la nini? Kama ni la kivinjari, basi tunasubiri kisichokuja. Microsoft ilikistaafisha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022, na toleo lake la mwisho, la 11, lilitoka mwaka 2013. Aliyerithi nafasi yake ni Edge, aliyeanza mwaka 2015 na kujengwa upya mwaka 2020 juu ya msingi uleule unaotumiwa na Chrome. Chrome na Firefox nazo hutoa toleo jipya kila baada ya wiki nne hivi, na mara nyingi hujisasisha zenyewe bila mwenye kompyuta kuambiwa.

Zamani kauli ya kusubiri ilikuwa na ukweli ndani yake. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001, na baada ya Microsoft kumshinda mpinzani wake Netscape ikawa imeshika soko karibu lote, ikakiacha kivinjari chake kikae bila mrithi kwa miaka mitano. Watengenezaji wa tovuti dunia nzima walikuwa wakiandika ukurasa mmoja mara mbili, kwanza kwa kufuata viwango vya pamoja vya tovuti, kisha kwa kuziba kasoro za toleo hilo la 6, huku wakisubiri la 7 ambalo lilitoka Oktoba 2006, na hilo nalo kwa kiasi kikubwa ni kwa sababu Firefox, iliyotoa toleo lake la 1.0 Novemba 2004, ilikwishaanza kuwachukua watumiaji. Katika miaka hiyo aliyemlaumu mwenye kivinjari hakukosea. Leo lawama hiyo imehama, na imehamia kwa wenye mifumo.

Naeleza tatizo lenyewe kwa wasioliona kwa macho yao. Mteja anakuja na bahasha ya vyeti, tunafungua fomu kwa Chrome, tunajaza kurasa zote bila shida, lakini tukifika mahali pa kuambatisha nyaraka panaonekana pembenne tupu, na kitufe cha kuwasilisha kikibonyezwa hakuna kinachotokea, hata ujumbe wa kosa hautokei. Sababu ni kwamba sehemu hiyo ilijengwa kwa ActiveX, yaani vijiprogramu vya Microsoft vinavyopachikwa ndani ya ukurasa na ambavyo vivinjari vingine havijawahi kuvikubali, kwa sababu nzuri tu, kwani kijiprogramu cha namna hiyo kinaweza kugusa kompyuta nzima. Maelekezo ya taasisi hiyo bado yanamtaka mteja asakinishe Internet Explorer, ilhali katika kompyuta za Windows 11 haiwezekani kuisakinisha.

Ipo njia ya kuvukia, nami naitumia. Ndani ya Edge kuna hali maalumu inayofungua ukurasa kana kwamba uko ndani ya Internet Explorer, na Microsoft imeahidi kuitunza angalau hadi mwaka 2029. Unaiwasha kwenye mipangilio, unaongeza anwani ya mfumo husika, na pembenne ile tupu inajaa. Tatizo ni kwamba anwani unayoiongeza kwa mkono hudumu siku 30 tu, kisha kivinjari huisahau na kazi huanza upya, mara nyingi wakati foleni ndiyo imefika mlangoni. Lakini angalau ni njia, na inashangaza kwamba taasisi haijaiandika popote katika maelekezo yake.

Wenzangu wengi hawaijui. Wao wametunza kompyuta moja ya zamani yenye Windows 7 kwa ajili ya mfumo huo peke yake, na hawathubutu kuibadilisha chochote. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida tangu tarehe 14 Januari 2020. Maana yake ni kwamba mwananchi anaingiza namba yake ya NIDA yenye tarakimu 20, nywila yake na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa katika mashine ambayo nyufa zake zinajulikana na hazitazibwa, na halazimishwi na mwenye duka bali na fomu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sioni jinsi mfumo unaomsukuma mtu kwenye mashine ya namna hiyo unavyoweza kudai kwamba unazitunza taarifa zake.

Niseme wazi kwamba hali hii inaniingizia fedha. Mteja mwenye simu nzuri ya Android angeweza kujaza fomu akiwa nyumbani kwake Kilosa au Mvomero, lakini Internet Explorer haikuwahi kutengenezwa kwa ajili ya Android, hivyo analazimika kupanda basi hadi Morogoro mjini na kunilipa mimi kwa kazi ambayo kidole chake kingeimaliza. Fedha ya namna hii naipokea, ila siwezi kuitetea.

Najua nitaambiwa kuwa kubadilisha mfumo ni gharama. Ni kweli, na gharama huongezeka kadiri unavyochelewa. Korea Kusini, nchi yenye intaneti ya kasi kuliko nchi nyingi, ilijifunga kwa ActiveX tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya vyeti vya kidijitali vya benki na serikali, yaani vya kumthibitisha mtu mtandaoni, na wananchi wake wakabaki na Internet Explorer muda mrefu baada ya dunia kuihama. Hadhi ya pekee ambayo sheria ilivipa vyeti vile iliondolewa Desemba 2020, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Kwa hiyo ninayoomba si makubwa. Taasisi zenye mifumo ya aina hii zitangaze tarehe ya kuihamisha, hata kama tarehe yenyewe iko mbali, ili tujue tunasubiri nini. Wakati huohuo maelekezo yao yaeleze namna ya kutumia Edge badala ya kumtafutisha mtu programu iliyokwishastaafu. Na Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo Sheria ya mwaka 2019 imeipa jukumu la kusimamia viwango vya mifumo ya umma, ihakikishe kwamba kila mkataba wa mfumo mpya unamtaka mjenzi auonyeshe ukifanya kazi kwenye Chrome, Firefox na Edge, na kwenye simu ya kawaida, kabla hajalipwa fungu la mwisho.

Wako,
Mwenye steshenari,
Morogoro