Dar es Salaam hadi Kigali kwa ndege si dakika 50

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nisahihishe hesabu mbili zilizotolewa katika makala ya safari ya wiki iliyopita, ambayo ilieleza kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni kilomita 1,500 na kwamba ndege huumaliza mwendo huo kwa dakika 50. Msomaji yeyote mwenye kalamu na karatasi ataona kwamba ndege ya namna hiyo ingekwenda kilomita 1,800 kwa saa, yaani ingeipita hata sauti, na tangu Concorde ilipostaafishwa mwaka 2003 hakuna ndege ya abiria inayosafiri kwa kasi hiyo.

Hizo kilomita 1,500 ni za barabarani, zile wanazozijua madereva wa malori wanaopita Morogoro, Dodoma, Singida na Kahama hadi mpakani Rusumo. Angani hakuna mizunguko hiyo. Ukipima kwa mstari ulionyooka kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Kanombe jijini Kigali, unapata kilomita 1,140 hivi, ambazo huongezeka kidogo rubani anapozunguka kupaa au kutua kwa kuukabili upepo.

Kuhusu dakika 50, nadhani najua zilikotoka. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na tiketi huonyesha saa ya kuondoka kwa majira ya Dar es Salaam lakini saa ya kufika kwa majira ya Kigali. Kwa hiyo ndege inayoondoka hapa saa tatu kamili asubuhi na kutumia saa moja na dakika 50, ambao ndio muda wa kawaida kwa safari isiyotua njiani, itaandikwa kuwa inafika saa tatu na dakika 50. Mwandishi alitoa moja katika nyingine, akaridhika. Laiti angeitazama na tiketi ya kurudi! Ndege hiyohiyo ikiondoka Kigali saa tano kamili huandikwa kuwa inafika Dar es Salaam saa saba na dakika 50, na kwa hesabu yake safari ya kurudi ingekuwa ya takriban saa tatu. (Sitaji wale wanaoiona 0900 kwenye tiketi wakaenda kumpokea mgeni saa tisa alasiri, nami nimewahi kuwa mmoja wao.)

Ifahamike pia kwamba muda wa tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho, wala si magurudumu yanapoachana na ardhi, hivyo dakika kadhaa kati ya hizo abiria huzitumia akiwa bado yuko chini.

Ningeshauri makala zijazo zitenganishe umbali wa barabara na wa anga, na zitaje muda wa safari baada ya majira ya miji yote miwili kulinganishwa.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam